Nilivyopitisha IPv4 ndani ya IPv6 baada ya kuambiwa mara nne "zima IPv6"

Kama kuna ushauri mmoja ningeomba watu waache kuutoa, ni huu: "Intaneti ikisumbua, zima IPv6." Nimeambiwa hivyo na watu wanne ndani ya wiki moja, wawili kati yao mafundi wa mitandao wa miaka mingi. Kwa laini niliyo nayo hapa Ujerumani, ukizima IPv6 umezima kila kitu, kwa sababu IPv4 yenyewe, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, inasafiri tumboni mwa IPv6, ule mpya.

Kampuni inayonipa faiba haimpi mteja anwani ya IPv4. Hazitoshi. Jumla yake dunia nzima ni kama bilioni 4.3, mafungu ya mwisho ya akiba yaligawanywa Februari 2011 na IANA, msimamizi wa anwani za dunia nzima, na RIPE, mgawaji wa anwani anayehudumia Ulaya, ilimaliza zake Novemba 2019. Njia waliyoichagua inaitwa DS-Lite, ile ya RFC 6333 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti). Nyumba inapewa IPv6 peke yake. Ruta yako inachukua kila pakiti (kifurushi cha data) ya IPv4, inaivika bahasha ya IPv6 yenye baiti 40, inaipeleka kwenye mtambo wao unaoitwa AFTR. Kule bahasha inavuliwa, pakiti inapewa anwani ya umma ambayo wateja wengi wanachangia, halafu inaendelea na safari. Njia hiyo ya bahasha, kutoka ruta hadi AFTR, ndiyo handaki.

Ruta yao ilifanya hayo yote bila neno, ila Wi-Fi yake haikufika vyumba vya juu, na nilitaka kutenga mtandao wa watoto na wa kazi. Tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria ya hapa inampa mteja haki ya kufunga ruta yake mwenyewe. Nikanunua kompyuta ndogo ya mtumba isiyo na feni, yenye matundu manne ya waya wa mtandao, kwa yuro 150 na ushee, nikaweka Debian, aina ya mfumo wa Linux, iwe ruta yangu.

IPv6 ilishika upesi. YouTube ikacheza, WhatsApp ikaita. Lakini tovuti ya benki yetu ya Tanzania, ambayo iko kwenye IPv4 tu, ikawa inazunguka bila kufunguka. Mke wangu alikuwa anataka kumtumia mdogo wake ada ya chuo.

"Baba Salma, mbona hizo nyingine zinafunguka?"

Swali lake lilikuwa la maana kuliko majibu yote niliyopewa na mafundi wiki ile. Zilizofunguka zote zilikuwa na IPv6. Zilizogoma zote zilikuwa IPv4. Kwa hiyo tatizo lilikuwa handaki, si laini.

Huduma kwa wateja walisema kwa ruta isiyo yao hawana maelekezo. Fundi mmoja akanishauri niweke DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) ya Google, 8.8.8.8. Nikaweka, na mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu jina la AFTR ya kampuni yangu linatambulika kwenye DNS yao tu. Ukitumia ya nje, handaki halijui hata linaelekea wapi. Mwingine akaniambia niwashe NAT, yaani kubadilisha anwani za ndani ziwe ya umma, kwenye handaki kama ruta ya kawaida. Si kazi yako hiyo. NAT inafanyika kule kwao, na AFTR inatofautisha nyumba kwa anwani ya IPv6 ya bahasha, ndiyo maana majirani wote mnaweza kuwa na 192.168.1.10 na msigongane. Upande wako wa handaki unaweka anwani 192.0.0.2, basi.

Nilirekebisha hayo, nikatengeneza handaki, nikarusha ping, pakiti ndogo ya kujaribu kama upande wa pili unajibu. Kimya. Nikafungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita: pakiti zinatoka moja baada ya nyingine, hakuna hata moja inayorudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilipanga sheria za ngome (firewall) upya, nikaifuta ngome yote, nikabadilisha waya, nikabadilisha kernel, kiini cha Linux. Siku ya tatu nikaacha kubahatisha.

Nilifanya hivi, na hapa najivunia kweli. Nilinunua swichi ndogo yenye uwezo wa kunakili kila kinachopita tundu moja na kukimwaga tundu lingine, kama yuro 30 hivi. Nikairudisha ruta ya kampuni mahali pake, nikaweka swichi katikati yake na kisanduku cha faiba ukutani, laptopu yangu ikakaa kwenye tundu la nakala. Ruta yao ikawaka, ikaomba anwani, na mimi nikasoma mazungumzo yote. Kwenye jibu la DHCPv6, yaani mazungumzo ya kuomba anwani, kipengele namba 64, jina la AFTR lilikuwa limeandikwa wazi. Kisha nikarusha ping kutoka simu iliyoshikwa na ruta hiyo, nikahifadhi pakiti moja. Nikarudisha kompyuta yangu, nikahifadhi pakiti moja ya kwangu. Nikazipanga mbili juu na chini kwenye kioo, baiti kwa baiti.

Anwani zilikaa vizuri. Urefu ukatofautiana kwa baiti 8. Na baiti ya saba ya bahasha, ile inayosema "kinachofuata ni nini", kwao ilikuwa 04, yaani IPv4. Kwangu ilikuwa 3c, yaani 60. Kernel ya Linux, isipoambiwa vingine, inachomeka kati ya bahasha na barua kipande kidogo cha baiti 8 kinachoeleza handaki linaruhusiwa kuingia ndani ya mahandaki mangapi. Kimo kwenye RFC 2473 ya mwaka 1998, si kosa. Ila AFTR ya kampuni yangu inapokutana nacho inaitupa pakiti bila kusema lolote.

Dawa yake maneno mawili mwishoni mwa amri ya kutengeneza handaki: encaplimit none. Nilibonyeza, ping ikarudi. Ilikuwa saa saba na nusu usiku, na nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Asubuhi kukawa na jambo la pili. Ukurasa wa kwanza wa benki ulifunguka, ule wa kutuma hela ukakwama. Hili linawatesa wengi, nao wanasingizia tovuti. Bahasha inakula baiti 40, kwa hiyo kwenye laini inayobeba pakiti za hadi baiti 1500, ndani ya handaki inabaki 1460. Simu na laptopu hazijui, zinaiambia seva ilete mizigo ya ukubwa wa kawaida, na mizigo mikubwa inapotelea njiani. Pima kwa ping isiyoruhusu kukatwakatwa: kwangu 1432 ilipita, 1433 ikakataa, ukiongeza baiti 28 za vichwa vyake unapata 1460 kamili. Nikaongeza mstari mmoja kwenye nftables, ngome ya Linux, unaopunguza MSS ya TCP (ukubwa wa mzigo katika kila pakiti) kufuata njia, ikashuka hadi 1420, yaani 1460 kutoa baiti 40 za vichwa. Usiende kuipunguza kwenye kila kifaa nyumbani kama nilivyoshauriwa, mgeni akija na simu yake utaanza upya. Na ICMPv6, ujumbe wa taarifa na makosa wa IPv6, usiizuie yote kwa jina la usalama. Kwenye IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti, ujumbe wa kwamba mzigo ni mkubwa mno unakuja kwa ICMPv6, ukiuzuia umejiziba masikio.

Kitu kimoja hutakipata: kufungulia watu wa nje mlango wa kuingia kwako kwa IPv4. Anwani ya umma si yako peke yako. Mwenye kamera nyumbani aifikie kwa IPv6.

Kampuni hubadilisha anwani yangu ya IPv6 kila baada ya muda, na handaki likibaki na ya zamani linakufa. Niliandika skripti ya mistari 9 inayolijenga upya anwani ikibadilika. Imeshafanya hivyo mara tatu usiku na hakuna aliyejua ila mimi niliyesoma kumbukumbu asubuhi.

Ada ya shemeji ilikwenda siku ile ile kabla ya saa sita mchana. Ruta yao iko kabatini, imefungwa na waya wake.