Maji ya Kunde

Ramadhani ya Januari 1998 ilitukuta Tanga na mvua za El Nino, zile zilizoanza na vuli ya 1997 zikakataa kwenda. Tulikuwa tunakaa Ngamiani, na jiko letu lilikuwa kibanda cha makuti uani, kinavuja pembe moja. Alfajiri mama na mama mdogo waliondoka kwenda mazikoni Muheza, wakasema watarudi kabla ya futari. Ilipofika alasiri, habari zikaja kuwa barabara imejaa maji na mabasi yamesimama.

Nyumbani tulibaki wawili: mimi, mtoto wa miaka kumi, na bibi, mzaa mama. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga wa mlango tu. Mama alikuwa amemkataza moto. Alimkataza kwa mapenzi, lakini niliona jinsi bibi alivyopungua maneno tangu siku ile. Mwanamke aliyepikia harusi za mtaa mzima akawa anashinda mkekani na tasbihi yake.

Siku hiyo sikufunga. Usiku nilikuwa nimeshikwa na homa.

"Mume wangu," akaniita, maana ndivyo bibi zetu wa pwani wanavyowaita wajukuu wa kiume, "leo mimi nina mikono, wewe una macho. Na ulimi wako hauna saumu. Lete kunde."

Vibaba viwili. Akazimwaga kwenye ungo, akaanza kuchagua. Vidole vile sijavisahau. Kila punje ilipita chini ya kidole gumba. Yenye tundu la mdudu aliitupa pembeni bila kusita, na kijiwe alikijua kabla hajakishika vizuri. Mimi nilichagua kwa macho, na bado nilikuwa nyuma yake. Tulipozitia majini, zilizobunguliwa zikaelea juu, nikaziengua. Zilikuwa tatu tu.

Mkaa ulikuwa umelowa. Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Kunde hazina ukaidi wa maharage, si lazima kuzilaza majini usiku kucha, lakini hizi zilikuwa za msimu uliopita na moto wenyewe ulikuwa wa kubembelezwa. Kila nilipotia upawa nikakoroga, bibi aliinamisha kichwa upande wa chungu.

"Bado zinagonga," alisema.

Nikatega sikio, kweli nikazisikia: tik, tik, kwenye udongo wa chungu, kama changarawe. Miaka yote nilikuwa nakula kunde, sikujua kuwa zina sauti.

Yeye akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi mbili. Niliyaogopa yale meno ya chuma karibu na mikono yake, nikawa natazama huko kuliko chunguni. Alikizungusha kifuu kiganjani taratibu, na nyama nyeupe ilipokwisha aliacha papo hapo, chembe nyeusi isiingie kwenye tui. Akakamua kwa kifumbu. Tui zito akaliweka kando, jepesi akanipa mimi.

Baada ya muda akauliza, "Maji yake yamekuwaje?"

Nikafunua. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, na vile vijicho vyeusi vimefifia vikawa kahawia. Nikatafuta neno, nikakosa. Nikatazama mkono wake uliokuwa juu ya kifumbu.

"Yamekuwa kama mkono wako, bibi."

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Bibi alikuwa maji ya kunde kweli kweli, na mpaka saa ile nilidhani ni msemo tu wa watu wazima.

Nikakoroga tena. Safari hii upawa ulipita kimya. "Zimeiva," akasema, mimi sijafungua mdomo. Akaniambia nitie kitunguu, kisha tui jepesi, lichemke. Chumvi akanimiminia kiganjani, nikaitia, nikaonja.

"Sema kweli."

"Haijakolea."

Akaongeza kidogo. Nikaonja tena, nikamwambia sasa sawa, na aliniamini. Yeye hakuweka hata tone mdomoni.

Lililobaki ni tui zito. "Ukishalitia usiache kukoroga. Likikatika, tutafuturu maji na mafuta." Nikatia, nikakoroga. Mlango ukagongwa na upepo, nikageuza shingo, nikidhani ni mama.

"Koroga!"

Sikuwa nimetambua kuwa mkono wangu umesimama. Yeye alisikia upawa umenyamaza. Nikarudi mbio, na tui likanusurika. Likapanda taratibu, jeupe, likafunika kunde zote.

Adhana ilitukuta tumekaa mkekani. Bibi alifungua kwa tende na maji, akaswali, kisha akachota kunde kwa kipande cha chapati ya jana. Alitafuna pole pole. Akajaza bakuli moja, akanituma kwa jirani, na niliporudi nilikuta sahani yake tupu na anaomba nyingine.

Mama aliingia saa nne, kalowa mpaka kitambaa cha kichwa. Alikula kunde zilizopoa, amesimama pale pale mlangoni. Alipomaliza akamgeukia bibi, uso umemkunjamana.

"Mama, nani kakuruhusu kukaa motoni?"

Bibi akanyoosha mkono gizani mpaka akaupata wangu, akauinua kuelekea kwa mama.

"Mnuse huyu."