Geuza kopo la oili usome nyuma kabla hujamimina

Kuna mlima mmoja nilikuwa naupanda kila siku na gia ya tatu bila shida, siku hiyo naongeza mafuta injini inalia tu, mlio unapanda lakini pikipiki yenyewe inajikokota, nikashusha ya pili, hivohivo. Nikajua cheni imeruka. Nikasimama nikacheki, cheni iko poa kabisa. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemwaga oili nikaweka ya gari, sintetiki tupu, ya bei juu, na moyoni nilikuwa naona nimeipa pikipiki yangu kitu kizuri kweli.

Fundi alipofungua kava ya klachi harufu ya kuungua ilitoka hapohapo, pleti nyeusi zinang'aa kama kioo. Tukabadilisha seti nzima.

Shida iko hivi. Kwenye gari la gia za mkono, injini ina oili yake, giaboksi ina yake, na klachi ni kavu. Pikipiki nyingi za gia oili ni hiyohiyo moja, inalainisha pistoni, inapita kwenye gia, alafu pleti za klachi zinaogelea humohumo, na pleti kazi yake ni kushikana! Sasa oili nyingi za gari za siku hizi, hasa zile nyepesi kama 0W-20 na 5W-30, zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Gari linafurahia, klachi yako inateleza.

Kwahiyo mi siku hizi kabla ya kuangalia jina la kampuni nageuza kopo natafuta neno JASO. Ni viwango vya Wajapani, hivi vya oili ya pikipiki za stroki nne vilianza 1998, na vinapima kabisa klachi inashikaje ikiwa ndani ya oili. Pikipiki ya gia tafuta MA, MA1 au MA2, hiyo MA2 ndo inashika zaidi. MB waachie skuta za mkanda maana klachi yake haikai kwenye oili ya injini. Na ukiona kwenye kiduara cha API (viwango vya Wamarekani) pameandikwa Resource Conserving, yaani oili ya kubana mafuta, rudisha kopo kwenye shelfu.

Namba za uzito watu wanazikuza sana. 10W-40, ile ya mbele na W yake inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, ya nyuma ni uzito wake ikiwa imechemka, nyuzi 100. Kuna imani kwamba nzito ndo inalinda, mi sikubaliani nayo, oili nzito kupita kiasi inachelewa kufika juu kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, ukiwasha asubuhi, na hapo ndo vyuma vinasagana. Kitabu cha pikipiki kikiruhusu 20W-50 kwenye joto kali, weka, kisiporuhusu achana nayo. Oili ya madini au sintetiki, yoyote ile, ilimradi kiwango cha JASO ni sahihi na unamwaga kwa wakati, maana gia zinaikatakata oili mpaka inakuwa nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo.

Alafu kupima oili jamani. Pikipiki isimame wima, sio imelalia stendi ya pembeni, na usome kitabu kama stiki ya kupimia inafungwa au inachomekwa tu bila kuzungusha, ukikosea hapo utaongeza oili ambayo haikuhitajika.

Na kama umeshaweka ya gari na klachi imeanza kuteleza, usiendelee nayo mpaka iishe. Mwaga leo, weka yenye MA, endesha polepole, kama pleti hazijaungua mara nyingi zinarudi kushika. Yangu niliendesha wiki nzima, ndo maana haikurudi.