Nilivyokompaili PostgreSQL 16 kwenye seva kuukuu ya ushirika, Moshi

Kwa kawaida simshauri mtu akompaili kanzidata kama PostgreSQL kwa mkono wake, yaani aijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo. Ukiwa na Debian au Ubuntu ya karibuni, amri moja ya apt inamaliza kazi, na masahihisho ya usalama yanakuja yenyewe. Kwenye chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, huku Moshi Vijijini, nililazimika kupita njia ndefu kwa sababu zile fupi zilikuwa zimefungwa.

Seva yao inaendeshwa na CentOS 7, mfumo wa Linux wa familia ya Red Hat. Matunzo ya mfumo huo yalikoma tarehe 30 Juni 2024, na baada ya hapo ukiandika yum, amri yake ya kusakinisha programu, inakujibu kwamba haipati hata orodha ya seva za kupakulia. Juu yake kulikuwa na PostgreSQL 9.2, ile ile iliyokuja na CentOS 7, ambayo wenye PostgreSQL waliacha kuitolea masahihisho tangu Novemba 2017. Humo ndimo yalimokaa majina ya wanachama, kilo za kahawa ya maganda alizoleta kila mmoja, malipo ya awali na malipo ya pili. Kufuta mfumo wote na kuweka mpya katikati ya msimu lilikuwa jambo lisilozungumzika. Programu ya kupokelea kahawa iliandikwa kwa ajili ya mashine hiyo, na aliyeiandika hapatikani tena.

Mama mhasibu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa sharti lake: "Mwanangu, fanya unavyojua, lakini mizani isisimame hata asubuhi moja." Nikamwambia, "Haitasimama, mama." Sharti hilo ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata. Toleo la zamani na jipya yalipaswa kukaa kwenye mashine moja, yote mawili yakiwa hai, bila kugusana.

Kuna atakayeuliza kwa nini sikuchukua vifurushi vya rpm vinavyotengenezwa na jamii ya PostgreSQL yenyewe. Kwa familia hiyo ya Linux, toleo la 7, vifurushi vyao viliishia PostgreSQL 15, na navyo vimewekwa kwenye kumbukumbu, haviongezwi masahihisho. Ningekuwa nimetoka kwenye kitu kilichogandishwa nikaingia kwenye kingine kilichogandishwa. Msimbo chanzo wa 16 unaendelea kusahihishwa hadi Novemba 2028. Nililiacha toleo la 17 kwa sababu ya uvivu wa maana: kuanzia hilo, faili linalopakuliwa haliji tena na sehemu zilizokwisha kuzalishwa, hivyo lazima uwe na Bison, Flex na Perl. Kwenye mashine ambayo kila kifurushi kinatafutwa kwa tochi, nilitaka mahitaji yawe machache.

Faili lenyewe halifiki megabaiti 30 likiwa limebanwa kwa bzip2. Nililipakua mjini, ambako intaneti haisuisui, pamoja na faili dogo la sha256, lenye namba ya kuhakikisha kwamba faili halijaharibika wala kubadilishwa, nikapanda navyo kwenye flashi. Linganisha namba hiyo kwa sha256sum kabla ya kufungua chochote. Flashi za kuazimana zina mambo yake.

Kabla ya msimbo, nilihitaji kompaila na maktaba zake. Vifurushi vya CentOS 7 havijapotea, vimehamishiwa vault.centos.org, kwa hiyo nilibadilisha anwani kwenye faili za /etc/yum.repos.d nikaweza kuvuta gcc, make, readline-devel, zlib-devel, openssl-devel, libicu-devel na systemd-devel kwa bando la simu. Hayo maneno ya "-devel" ndiyo yanayowaangusha wengi. Maktaba yenyewe unaweza kuwa nayo tayari, lakini kompaila inataka na vichwa vyake, navyo vinakaa kwenye kifurushi cha pembeni.

Kisha:

./configure --prefix=/opt/pgsql-16 --with-openssl --with-systemd

Hapa ndipo pa kutulia. Configure ni kama mpokeaji wa kahawa mwenye jicho kali: anachambua gunia kabla halijafika kwenye mizani. Akikosa kitu anasimama na kukuambia amekosa nini. Tatizo ni kwamba anakupa na mlango wa nyuma. Akikosa readline, kwa mfano, ujumbe unaishia kwa kukukumbusha kwamba unaweza kuongeza --without-readline, na ukiongeza kweli anapita. Usiongeze. Bila readline, psql, programu ya kuandikia kanzidata amri, haina historia ya amri na mishale ya kibodi haifanyi kazi, na siku utakayokuwa unahangaika na kanzidata usiku utajuta kila herufi. Ni hivyo hivyo kwa zlib, maktaba ya kubana data. Ukiikataa, pg_dump, chombo cha kutoa nakala ya kanzidata, inashindwa kubana nakala kwa njia yake ya kawaida. Sababu kamili ya configure kukwama imeandikwa ndani ya config.log. Ni faili refu, lakini kinachotafutwa huwa karibu na mwisho, juu kidogo ya orodha ndefu ya vigeu.

Ile --prefix ndiyo iliyobeba sharti la mama mhasibu. Ukiiacha, vyote vinakwenda /usr/local/pgsql, si pabaya, ila mimi napenda namba ya toleo ionekane kwenye jina la folda. PostgreSQL ya zamani ilibaki /usr/bin na /var/lib/pgsql, mpya ikakaa /opt/pgsql-16, na hakuna faili hata moja lililoandikwa juu ya jingine.

Baada ya hapo ni make -j2 world-bin. Neno "world-bin" lipo tangu toleo la 14. Linajenga kila kitu, zikiwemo nyongeza za folda ya contrib, lakini linaacha nyaraka, ambazo zingedai zana nyingine lukuki. Mistari inapita, feni inanguruma, huna la kufanya. Ikiisha, make check, na hiyo iendeshwe kwa mtumiaji wa kawaida, kwa sababu PostgreSQL inakataa katakata kuwashwa na root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote. Inawasha seva ya muda, inaipiga majaribio zaidi ya mia, inaizima. Sielewi watu wanaoiruka. Kompaila ya mashine hii ni gcc 4.8.5, ya zamani kweli, na nilitaka kuona majaribio yote yamepita kabla ya kuikabidhi pesa za wakulima. Yalipita. Ndipo nikaita sudo kwa ajili ya make install-world-bin.

Mwenzangu wa Arusha anayetumia FreeBSD alinikumbusha niwaambie wa kwake: make ya huko si ya GNU, kwa hiyo kila penye make aandike gmake.

Mtumiaji postgres alikuwepo tayari. Nilimpa folda mpya, kisha kwa jina lake nikaendesha amri ya kuandaa hifadhi mpya ya data:

/opt/pgsql-16/bin/initdb -D /srv/pgsql/16 -E UTF8 --locale=sw_TZ.UTF-8 --auth=scram-sha-256 -W -k

Lokali, yaani kanuni za lugha na upangaji, ya Kiswahili cha Tanzania imo kwenye glibc, maktaba ya msingi ya Linux, siku nyingi, hakuna sababu ya kupanga majina ya Kibosho na Marangu kwa kanuni za Marekani. Ile -W inakuuliza nywila ya msimamizi papo hapo. Ile -k inaweka hesabu ya uhakiki kwenye kila ukurasa wa data. Haitibu ukurasa ulioharibika, ila inakuambia umeharibika, na mahali ambapo umeme hukatika bila hodi taarifa hiyo ina thamani. Toleo la 16 haliiwashi bila kuombwa.

Umeme huo huo ndio ulionifanya niwe mkaidi kwenye faili la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Kwa kawaida systemd husubiri huduma iwake kwa sekunde 90, ikichelewa inaiua. PostgreSQL iliyozimika ghafla hurudia kwanza kumbukumbu zake za mabadiliko, na kazi hiyo yaweza kupita sekunde 90. Ukiiua katikati inaanza upya, inauawa tena. Nikaandika Type=notify, ambayo inafanya kazi kwa sababu ya ile --with-systemd, na TimeoutSec=0 ili asiwepo wa kuikatiza.

Seva mpya niliipa mlango wa mtandao (port) 5433, ya zamani ikabaki na 5432. Kuhamisha data kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Kanuni ni kutumia pg_dump ya toleo jipya kusoma seva ya zamani, na ya 16 inasoma kuanzia 9.2. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi ya mwisho kabisa inayokubalika. Watumiaji walihama kwa pg_dumpall --globals-only, data kwa pg_dump iliyomimina moja kwa moja kwenye psql ya upande wa pili, huku mizani ikiendelea kupima na kuandika kwenye ile ya zamani. Uhamisho wa mwisho ulifanyika jioni, ghala likiwa limefungwa, na hapo ndipo milango ikabadilishana.

Kilichonipa kazi hasa ni nywila. Nywila zilizotoka 9.2 zimehifadhiwa kwa md5, njia ya zamani, na seva yangu inadai scram-sha-256 (SCRAM), njia mpya iliyo salama zaidi, kwa hiyo niliziweka upya. Kisha programu ya kupokelea kahawa ikagoma na ujumbe "authentication method 10 not supported". Namba 10 ndiyo SCRAM, na maktaba ya libpq, ambayo programu huitumia kuzungumza na PostgreSQL, ilianza kuielewa toleo la 10 la PostgreSQL. Programu ilikuwa bado inatumia libpq ya 9.2, amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba za programu, ilionyesha wazi. Wengi hapa hurudisha md5 kwenye mipangilio na kuendelea na safari. Haikuwa lazima. Jina la maktaba hiyo halijabadilika, ni libpq.so.5 kwa zamani na kwa sasa, hivyo kwenye skripti inayowasha programu niliongeza mstari mmoja tu, LD_LIBRARY_PATH=/opt/pgsql-16/lib. Programu ambayo mwenyewe haonekani ikaanza kuzungumza SCRAM bila kuguswa hata herufi. Asubuhi mama mhasibu alifungua, akatafuta wakulima anaowajua kwa majina, akalinganisha kilo zao na leja ya karatasi, akaita gunia la kwanza.

Mashine ikija kubadilishwa, folda ya /srv/pgsql/16 isinakiliwe kama ilivyo kwenda kwenye mfumo mpya. CentOS 7 ina glibc 2.17, na kuanzia 2.28 mpangilio wa herufi ulibadilika kwa lugha nyingi. Faharasa zilizojengwa kwa mpangilio wa zamani zinaweza kutoa majibu ya uongo bila kosa lolote kuonekana. Tumia pg_dump.

Masahihisho madogo, kutoka 16 moja kwenda 16 nyingine, hayataki uhamisho. Unakompaili msimbo mpya kwa chaguo zile zile, unazima seva, unasakinisha juu ya folda ile ile ya /opt, unawasha. Na kama atakayekuja baada yangu hajui nilitumia chaguo zipi, aandike /opt/pgsql-16/bin/pg_config --configure, zote zitatoka kama nilivyoziandika.