Waziri mkuu wa tatu, kura hamna
Dadangu yuko London. Jioni moja Oktoba 2022 alinipigia niko barazani hapa Shela, Malindi, hasira zimempanda. Conservative, chama kilichotawala Uingereza wakati huo, walikuwa wamebadilisha waziri mkuu tena: Johnson, Truss, kisha Sunak, wote ndani ya 2022, na mwananchi hakuulizwa! Truss angalau alipata kura 81,326 za wanachama wa chama. Sunak, wabunge wa chama tu walitosha. Bajeti ile ya Truss ya Septemba iliangusha pauni, riba za mikopo ya nyumba zikapaa. Dada alikuwa akijaza umeme kwa kadi, wanawe wakivaa makoti sebuleni kwa baridi. Simu nilikuwa nimeiweka spika, mzee mmoja akadakia, “Kumbe na wao!” Baraza zima likacheka. Dada hakucheka. Alitaka uchaguzi, basi.