Maziwa ya Mama Saba

Masika ya 2018 yalipogeuza Jogoo Road kuwa mto, nilikuwa nikishona sare za shule kibandani kwangu Kayole, na mimba ya miezi saba. Miguu ilikuwa imevimba mpaka nikawa navaa ndara za mume wangu. Wateja wakanituliza: kawaida hiyo, ukivimba hivyo ni mvulana. Asubuhi moja kichwa kilikuwa kikinigonga tangu alfajiri, na kila nilipojaribu kutunga uzi niliona vimulimuli badala ya tundu la sindano. Nikafunga kibanda nikaenda kliniki.

Muuguzi alinipima presha, akanyamaza, akapima mkono wa pili, kisha akaenda kuazima mashine ya chumba cha jirani. 178 kwa 114. Mkojo nao ulikuwa na protini. Hakunieleza mengi, aliniandikia barua ya rufaa na kunisindikiza mwenyewe hadi kwenye teksi.

Hospitalini walichohofia ni kifafa cha mimba. Sindano ya kukizuia, ya magnesiamu, aliyedungwa haisahau: joto linakupanda kifuani, kooni, hadi masikioni. Kisha daktari kijana akawa anapita na nyundo ya mpira kunigonga goti, kwa sababu dawa ikizidi mwilini mguu huacha kuruka, na baada ya mguu pumzi ndiyo hufuata. Nikapewa pia sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo walitaka zipate saa 48 za kufanya kazi. Hazikutimia. Usiku wa pili maumivu yalinibana chini ya mbavu za kulia, presha ikakataa dawa, nikaingizwa theta.

Msichana, gramu 1,120. Pakiti ya unga tunayonunua dukani ni karibu mara mbili yake.

Siku zilizofuata nilizijua kwa saa za maziwa tu. Kila saa tatu akina mama tulijipanga kwenye benchi, matiti nje, kila mtu na kikombe chake kilichochemshwa, tukikamua kwa mkono. Pale hakuna aliyekuwa na jina. Tuliitwa kwa namba za inkubeta za watoto wetu. Mimi nilikuwa Mama Kumi na Moja.

Mtoto wangu alihitaji mililita nne, zikipitishwa kwenye kampira kembamba puani. Mililita nne hata kijiko cha chai hazijazi, na mimi sikuzipata. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, nikatoa matone ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, yaliyoishia ukutani mwa kikombe. Sista akayakwangua kwa bomba la sindano, akasema, "Hii ni dhahabu, mama, usikate tamaa." Mama mkwe akaleta uji wa wimbi kwa chupa, supu, njugu. Nilikula vyote. Presha ilikuwa bado haijashuka, usingizi sina. Maziwa yangetoka wapi?

Kando yangu alikaa Mama Saba, msichana wa Korogocho, mtoto wake wa kwanza. Yeye kikombe kilimfurikia. Alikuwa akinitazama pembeni kwa haya, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa.

Kisha inkubeta namba saba ikawa tupu. Tulijua kabla ya kuambiwa. Saa tisa alasiri, muda wa kukamua ulipofika, alikuja na kikombe chake akakaa mahali pake palepale. Hakuna aliyemwuliza. Mtoto akiondoka, maziwa hayajui. Alikamua kikombe kizima, akanigeukia: "Dada, si wampe wako?"

Nilimwita sista nikiwa karibu kumpigia magoti. Akakataa. Alituketisha wote wawili akatueleza: maziwa ya mtu mwingine yanaweza kubeba virusi, mwenyewe lazima apimwe kwanza, kisha yapashwe joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, na wao hawakuwa na mashine ya kazi hiyo. Alikuwa sahihi, na siku hiyo nilimchukia. Mama Saba akainuka, akamwaga kikombe kwenye sinki, akafungua mfereji.

Mwaka uliofuata, 2019, Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini Kenya. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa kwenye cherehani, nikazima redio.

Maziwa yangu yalikuja baadaye, nilipoanza kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa leso. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitalini ambako inkubeta hazikutosha. Huku nasi hazikutosha. Alilala chini ya kidevu changu akiwa na kofia ya sufu, akisahau kupumua mara mojamoja, nami nikimsugua mgongo mpaka akumbuke. Kufikia mwisho wa juma nguo yangu ilikuwa ikilowa kabla sijafika kwenye benchi.

Tuliruhusiwa akiwa na gramu 1,850. Mama Saba alikuwa ameniachia namba yake, nikampigia nikiwa bado kwenye foleni ya kulipa bili. Hakuniuliza anafanana na nani.

"Anakunywa ngapi sasa?"

"Mililita thelathini na tano, kwa kikombe."

"Na unazifikisha?"

"Nafikisha, na zinabaki."

"Haya," akasema. "Usimwage."