Hesabu za pishi

Hii ilikuwa mwaka 2017, kwetu Mtambile, msimu wa karafuu umepamba moto. Anaeijua Pemba anajua msimu ukiingia hakuna mtu mwenye nafasi, mchana watu wako juu ya mikarafuu na usiku nyumba nzima iko mkekani inachambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na sabuni haivitoi. Katikati ya pilika hizo ndo ikaja barua kutoka skuli, wazee wanaitwa. Mama watoto siku ile alikuwa kwa dada yake aliejifungua, akanambia nenda wewe, basi nkenda na shati langu la kuchumia maana nlijua nikitoka pale narudi shamba.

Mkutano wenyewe nausamehe. Madawati, michango, choo, madawati tena. Tulipomaliza ndo kila mzee akaambiwa aende darasani kwa mwalimu wa mtoto wake.

Kwa binti yangu sikuwa na wasiwasi, yule alikuwa form two na anaitaka skuli ya Fidel Castro tangu hajajua hata iko wapi, mwalimu wake akanambia akenda hivi hivi ataipata, nkashukuru nkatoka. Shughuli ilikuwa kwa mdogo wake, Saidi, darasa la tano. Huyu mpaka darasa la nne hesabu zake nzuri tu, alipofika la tano zikaanza kusomeshwa kwa Kiingereza, ile sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006, mtoto akapotea kabisa, ishirini, kumi na nane, siku moja kaniletea sita na anacheka! Mie sikuwahi kuamini kama hana akili, nlikuwa namuona jioni shamba. Wachumaji wakija kupima yeye ndo anaeandika daftari, nani kapata pishi ngapi na vibaba vingapi, vile vipimo vyetu vya kopo, maana mie kalamu yangu nzito, na hajawahi kumdhulumu mtu wala kunitia hasara.

Mwalimu wake msichana mdogo tu. "Shkamoo baba Saidi." Nkamwambia marahaba mwalimu, wewe nipe tu, nishazoea. Akacheka akafungua daftari. Kurasa za mwanzo wino mwekundu mtupu, mkasi juu ya mkasi, halafu akafika pahala Saidi kachora pishi, lile kopo letu la nyumbani, hata pale lilipobonyea kapachora, kaligawa mistari minne na ndani ya kila sehemu kaandika kibaba.

Mwalimu ananihadithia, siku hiyo alikuwa anasomesha sehemu, kauliza mbili na robo tatu mara nne ni ngapi, kwa Kiingereza, darasa zima kimya. Akachoka akasema kwa Kiswahili, haya, watu wanne kila mmoja kachuma pishi mbili na vibaba vitatu, jumla pishi ngapi? Anasema hajafunga mdomo Saidi keshasema kumi na moja. Akamwita ubaoni, akawaeleza wenzake pishi moja vibaba vinne, kwa hivyo kibaba ni robo, mpaka watoto wa nyuma kule wanaolalaga wakaanza kunyoosha mikono. Mtihani uliofuata kapata 84, na ulikuwa kwa Kiingereza kama kawaida.

"Nyumbani anasomeshwa na nani?" akaniuliza. Nkamwambia hana mwalimu huyo, ana wachumaji.

Wallahi ile 84 nliiangalia mpaka mwalimu akaniuliza kama nimesahau miwani. Nlipotoka badala ya kwenda shamba nkapita barazani, watu wanazungumza bei, daraja la kwanza kilo ni 14,000, itapanda haitopanda, mie nawaingizia 84 katikati. Mzee mmoja akanambia sasa hii 84 ni kilo au magunia? Nkamwambia ni Saidi hiyo!

Usiku tuko mkekani tunachambua nkamwambia mwanangu mwalimu kakusifu. Hata hakushughulika. Akaniletea karatasi. Kumbe na yeye alikuwa anajiandika, karafuu zote alizochuma wiki ile, za matawi ya chini maana mtini simpandishi mtoto, pishi saba na vibaba vitatu. Mie wachumaji nlikuwa nawalipa pishi 1,500 na yeye anajua, kwa hivyo kapiga hesabu namdai 11,625.

Mamake keshacheka mpaka kajifuta macho kwa kanga. Mie chenji sina, nkampa 12,000, nkamwambia inayobaki chukua. Akakataa. Akaitazama karatasi yake kidogo, akasema, "Baba, hii iliozidi 375, ni kibaba kimoja. Ntakuchumia kesho nikitoka chuo cha Kurani."