Kadi ya grafiki isiyo na kelele, kwa sisi tunaorekodi kwenye joto la Dar

Chumba changu cha kurekodia kiko Magomeni. Mpiga udi akikaa mbele ya maiki, kiyoyozi nazima na madirisha nafunga, na mwezi wa Februari joto huvuka nyuzi 30 bila shida. Kinachobaki kuvuma ni kompyuta, na maiki ya kondensa haina staha, inasikia kila kitu.

Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600, ambayo haina grafiki ndani yake, kwa hiyo kadi ni lazima. (Anayenunua mashine mpya achukue prosesa yenye grafiki, asihangaike na haya.)

Wengi watakwambia ununue isiyo na feni kabisa, kama GeForce GT 1030 ya mwaka 2017, wati 30. Kwa wati hizo sina ugomvi. Ila zile za wati 75 zisizo na feni, kwenye joto letu, zinaumwaga moto wote ndani ya kasha, halafu feni ya prosesa ndiyo inayohangaika. Kelele imehama tu.

Kwenye 1030 kilichonikimbiza ni dereva, yaani programu inayoiendesha kadi, maana natumia Linux. Ile huria, nouveau, haiwezi kuipandisha kasi kadi hiyo kwa sababu Nvidia, watengenezaji wake, wameifunga kwa saini yao ya kidijitali. Ile ya Nvidia wenyewe, ukitumia keneli (kiini cha Linux) ya PREEMPT_RT, ile inayozipa nafasi kazi zisizosubiri kama sauti, hugoma kujisakinisha mpaka uilazimishe kwa IGNORE_PREEMPT_RT_PRESENCE=1. Nami nafanya kazi na bafa (kipande cha sauti kinachochakatwa kwa mpigo mmoja) ya fremu 64 kwa 48 kHz, yaani milisekunde 1.33 tu. Sitaki kitu cha kulazimisha wakati mteja analipa kwa saa.

Nikachukua Radeon RX 550 ya mtumba Kariakoo, wati 50, feni moja. Muuzaji akanionea huruma: "Kaka, hii gemu za sasa haiwezi." Ndiyo hiyo hiyo naitaka. Dereva yake, amdgpu, imo ndani ya keneli, na tangu toleo 6.12 la mwaka 2024 PREEMPT_RT nayo imo humo humo. Nilimwomba tu aiwashe kwanza nisikilize beringi ya feni kabla ya kutoa hela.

Nyumbani niliisafisha vumbi, nikabadilisha pasta ya joto, kisha nikaandika "low" kwenye power_dpm_force_performance_level, faili la amdgpu linalopanga kasi ya kadi. Kasi inabaki chini, na Ardour, programu ninayorekodia, hailalamiki, kwani mawimbi yake inayachora kwa Cairo, maktaba ya kuchora inayotegemea prosesa zaidi kuliko kadi. Feni naipunguza kwa mkono, kwa mafaili mengine mawili ya kadi: pwm1_enable iwe 1, halafu pwm1 (kasi ya feni) namba kati ya 0 na 255, huku natazama joto kwa amri ya sensors.

Ukishaichomeka, kadi hujitokeza pia kama kifaa cha sauti cha HDMI, na JACK, programu inayopitisha sauti kati ya Ardour na kifaa, inaweza kuikamata hiyo ikaacha kiolesura chako cha sauti cha USB. Kitaje kiolesura kwa jina. Usitegemee hw:0, yaani kifaa cha sauti namba 0, maana namba zinaweza kubadilika ukiwasha upya.